Uhaba na Kutolingana: Istilahi za Kiswahili katika Kueleza Hewa Iingiayo Kwenye Feni ya Ndege

1.0 Utangulizi

Limekuwapo kwa muda mrefu dai kwamba Kiswahili kinaweza kutaja vifaa vya sayansi lakini hakiwezi kueleza utendaji wake. Mhadhara huu unalipima dai hilo kwa mfano mmoja: athari ya hewa isiyolingana inapoingia katika feni ya injini ya ndege. Tunautazama mfano huo kutoka Tabora. Hapo ndipo Kiswahili cha pwani, kikifuata njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, kilipokutana na Kinyamwezi. Aidha, mji huo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko inatupatia ulinganisho ufaao.

2.0 Hali mbili zinazochanganywa

Katika angahewa sanifu, uzito wa hewa katika kimo hicho hupungua kwa takriban asilimia 11 ukilinganishwa na pwani. Msukumo wa injini hupungua pia, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka. Huo ni uhaba, lakini umeenea sawasawa: kila panga la feni hukutana na hewa ileile katika mzunguko wote.

Kutolingana ni jambo jingine. Upepo mkali wa ubavuni unapovuma ndege ikianza kukimbia, hewa hulazimika kupinda ghafla mdomoni mwa injini. Upande mmoja hubanduka ukutani na kuacha sehemu yenye kanieneo ndogo na mwendo hafifu. Jumla ya hewa yaweza kutosha. Mgawanyo wake ndio ulioharibika.

Mapagazi wa Kinyamwezi walilielewa vema suala la mgawanyo. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32. Msafara wenye watu wa kutosha ungeweza kukwama endapo baadhi yao wangebebeshwa kupita kiasi.

3.0 Kinachotokea ndani ya feni

Ndege za Airbus A220-300, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, zina feni yenye kipenyo cha mita 1.85 hivi. Feni hiyo ndiyo itoayo sehemu kubwa ya msukumo. Kila panga limechongwa ili lipokee hewa kwa pembe maalumu, na pembe hiyo hutokana na mwendo wa hewa iingiayo pamoja na mwendo wa panga lenyewe. Panga likifika penye hewa hafifu, mwendo wake haubadiliki, ila hewa huligonga kwa pembe kali zaidi. Pembe ikizidi kikomo, hewa hubanduka mgongoni mwa panga, na ufanisi hushuka.

Madhara hayaishii hapo. Panga huingia na kutoka katika sehemu hiyo katika kila mzunguko, hivyo kani inayolielemea hupanda na kushuka mfululizo. Matokeo yake ni mtetemo na uchovu wa metali. Hali ikizidi, mtiririko huvurugika hata katika kigandamizi kilichoko nyuma ya feni, na hewa yaweza kurudi mbele kwa kishindo.

4.0 Hitimisho

Istilahi tulizo nazo zinatosha kubeba maelezo haya. Neno *kanieneo* linajieleza: ni kani ikigawanywa kwa eneo. *Rafadha*, lililotumika kwa vyombo vya majini, limehamia kwenye ndege, na tunaweza kulitenga na *feni* iliyozungushiwa kasha. Kilichobaki ni kutenganisha dhana. Tukiziita hali zote mbili «upungufu wa hewa», mwanafunzi atadhani kwamba dawa ni kuongeza nguvu ya injini. Kumbe kuongeza nguvu nyingi ndege ikiwa imesimama katika upepo wa ubavuni huweza kuzidisha tatizo. Ndiyo maana marubani huongeza nguvu kwa hatua huku ndege ikianza kwenda, ili hewa ya mbele inyooshe mtiririko.

Kwa hiyo tunapendekeza *hewa haba* kwa hali ya kwanza na *mtiririko usiolingana* kwa ya pili. Mwanafunzi wa Tabora anayemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili na kuingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza anastahili kuivuka njia hiyo akiwa na dhana iliyokamilika, si jina tupu la kukariri.