Nyumba ya Zamu: Tuhesabu Kwanza

Siku moja, kisha ibada ya katikati ya juma, mama mmoja wa hapa Baraka alibaki kwenye benchi mpaka watu wote wakatoka. Alikuwa na simu mkononi. Akasema, "Pasta, nina sauti ya mtoto wangu. Naomba tuisikie pamoja."

Mtoto huyo alivuka ziwa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya 1996. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kisha akapelekwa Marekani. Leo ana mke na watoto watatu, naye anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Kila mwezi anamtumia mama yake dola 150. Feza hiyo ndiyo minerval ya wajukuu wawili, ndiyo dawa ya presha, ndiyo mtaji wa kuuza ndagala sokoni.

Tukasikia sauti: "Mama, jambo yako. Tulifika huku Florida kutembea. Wakatualika kula chakula cha asubuhi bure, wakatuonyesha nyumba nzuri sana, iko karibu na bahari. Watoto wakaruka kwa furaha. Nimeingia memba, nimeweka sahihi Jumamosi. Nimelipa dola 2,000 kwa kadi ya mkopo. Lakini mama watoto hana furaha. Wewe unasema nini?"

Mama akazima simu, akaniangalia. "Pasta, nikimwambia aache, itakuwa juu ya faida yake ao juu ya tumbo langu?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinishika. Sikumjibu siku ile. Nilimwomba muda wa siku moja, nikaenda kutafuta ni kitu gani kijana huyu amenunua.

NYUMBA YA ZAMU NI NINI?

Wazungu wanaiita taimusheya. Sisi tunaweza kusema nyumba ya zamu. Hununui nyumba. Unanunua haki ya kulala ndani yake kwa zamu yako, mara nyingi juma moja kila mwaka. Majuma mengine ni ya watu wengine. Siku hizi makampuni mengi yanauza pointi kuliko juma lenyewe: kila mwaka unapewa pointi zako, nawe unazitumia kupata nafasi mahali fulani, kama nafasi iko.

Jambo hili lilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Hapimag, kampuni ya Uswisi, ilianzishwa mwaka 1963, na kule Ufaransa walianza kuuza majuma katika nyumba za milima ya Alpi miaka hiyohiyo. Mwaka 1974 kampuni ya RCI ilianzishwa katika mji wa Indianapolis, Marekani, ili mwenye juma mahali pamoja aweze kulibadilisha na mwenye juma mahali pengine. Kwa hiyo si kitu cha wezi. Ni biashara ya sheria, na wako watu wanaofurahia zamu yao miaka mingi. Tusiseme uongo juu ya jambo hili kwa sababu tu hatulipendi.

Lakini biashara ya sheria inaweza kukumaliza, kama hukuhesabu.

BEI SI GHARAMA

Hapa nawaomba wachimbaji wanisikie vizuri, kwa maana hesabu hii mnaijua kunishinda. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliweka feza katika shimo moja la zahabu upande wa Misisi. Mwenye shimo aliniambia bei ya sehemu yangu, nami nikafurahi, maana ilikuwa ndogo. Sikuuliza swali la pili. Kisha mvua ikanyesha, shimo likajaa maji. Wakaja kuniomba feza ya mota ya kuvuta maji. Kisha feza ya mbao za kuzuia udongo. Kisha chakula cha wachimbaji, hata katika majuma ambayo hawakutoa kitu. Nilikuwa nimelipa bei ya kuingia. Gharama ya kukaa ndani sikuijua. Mama Pasta anaijua, kwa sababu shamba lake la muhogo ndilo lililoilipa.

Nyumba ya zamu ni vilevile. Iko bei ya kuingia, na yako malipo ya kila mwaka ya kutunza nyumba: rangi, maji, wafanyakazi, kodi ya serikali. Ukienda unalipa. Usipoenda unalipa. Ukiwa mgonjwa, ukifukuzwa kazi, ukizika mzazi, unalipa tu. Nayo malipo hayo hupanda mwaka kwa mwaka. Kwa hesabu za chama cha makampuni hayo kule Marekani, katika miaka ya karibuni bei ya kuingia imepita dola 20,000 kwa wastani, na malipo ya mwaka yamepita dola 1,000.

Kijana mmoja wa kanisa anayejua Kiingereza alitusomea kontra kwenye simu. Tukachukua karatasi, tukaandika:

Bei: dola 20,000. Ametoa 2,000, deni ni 18,000.
Faida ya deni: 15 kwa mia kwa mwaka, kwa miaka 10. Hiyo ni karibu dola 290 kila mwezi. Kwa miezi 120 ni dola 34,800.
Malipo ya kutunza nyumba: tuseme dola 1,000 tu kila mwaka, bila kupanda. Kwa miaka 10 ni dola 10,000.
Jumla, pamoja na zile 2,000: dola 46,800.

Kwa miaka kumi atalala majuma kumi. Kila juma moja litamgharimu dola 4,680, bila kuhesabu safari wala chakula. Tukauliza: kama angekodi nyumba ya namna hiyo kwa dola 150 kwa usiku? Usiku saba ni dola 1,050. Miaka kumi ni dola 10,500. Hata tukiweka bei hiyo mara mbili, ni dola 21,000. Na anayekodi, mwaka akikosa feza anabaki nyumbani, hadaiwi kitu.

Mama alitazama karatasi muda mrefu. Kila mwezi deni ni dola 290, na malipo ya mwaka yakigawanywa kwa miezi ni kama dola 83. Hizo ni dola 373. Akasema polepole, "Hata akiacha kunitumia mimi, haitoshi."

NI NANI INAYEWEZA KUMFAA?

Tuseme kweli yote. Inaweza kumfaa mtu ambaye analipa feza taslimu bila deni, ambaye ana konje ya hakika kila mwaka, ambaye anapenda kurudi mahali palepale, na ambaye malipo ya mwaka hayatagusa chakula wala masomo ya watoto. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hana haja ya kununua kwa kampuni. Watu wengi waliochoka na zamu zao wanaziuza kwa bei ya chini sana, wengine hata kwa dola 1, ili tu waepuke malipo ya mwaka. Jambo hilo peke yake linatufundisha. Kitu ambacho leo asubuhi kinauzwa dola 20,000, na jirani anakitoa kwa dola 1, bei yake ya kweli ni ipi?

Tena ziko kontra nyingine zisizo na mwisho. Mwenyewe akifa, wanataka mrithi aendelee kulipa. Sheria huweza kumruhusu mrithi kukataa, lakini kwa maandishi na kwa wakati wake. Uliza jambo hilo mbele ya kuweka sahihi.

Na hatari haiishi hapo. Wako matapeli wanaowapigia simu wenye zamu na kusema, "Tumepata mtu wa kuinunua, tuma kwanza feza ya kodi na makaratasi." Polisi ya FBI ya Marekani ilieleza kwamba kati ya 2019 na 2023 watu karibu 6,000 walitoa taarifa ya kupoteza karibu dola milioni 300 kwa utapeli wa namna hiyo ulioendeshwa toka Mexico. Anayekuomba ulipe kwanza ili upate feza yako, mkimbie.

SIKU ZA KURUDI NYUMA

Sasa jambo la kushika sana ninyi mlio na ndugu ng'ambo. Sheria inampa mnunuzi siku chache za kujirudia bila kueleza sababu. Katika Florida ni siku 10, tangu kuweka sahihi ao tangu kupokea makaratasi ya mwisho, ile iliyo nyuma. Muuzaji hawezi kukuondolea haki hiyo. Katika Nevada ni siku 5. Kwa ndugu walio katika nchi za Umoja wa Ulaya, kama Ufaransa na Ubelgiji, ni siku 14, na ni marufuku kuwalipisha kitu kabla siku hizo hazijaisha. Kila mahali pana sheria yake, basi soma kontra. Kujirudia hufanywa kwa maandishi, kwa adresi iliyo katika kontra, nawe uchunge risiti ya posta. Kupiga simu tu hakutoshi.

Tulihesabu: tangu Jumamosi ile zilikuwa zimepita siku tano.

JIBU LA MAMA

Jioni ile mama alimpigia mtoto wake. Nilikuwepo. Hakuanza na hesabu. Alisema hivi: "Mwanangu, kwanza ujue, mimi niko na faida katika jambo hili. Nakula kwa feza yako. Kwa hiyo usisikie neno langu tu, angalia karatasi hii, kisha wewe na mke wako muamue."

Hapo niliona jibu la swali lake. Aliyemwuzia juma lile hupata sehemu yake kwa kila sahihi, lakini hakusema. Mama naye alikuwa na faida, naye alisema. Mshauri mwenye faida si lazima awe mbaya. Mbaya ni anayeificha, na anayekuambia uamue leo leo mbele ya kutoka mlangoni.

Mtoto alinyamaza. Kisha akasema, "Mama, nilitaka tu watoto wangu waone kwamba baba yao naye anaweza." Mama akajibu, "Wewe ulikulia kwenye ziwa na kambini, na hujawahi kukosa baba wa kukuheshimu. Wapeleke baharini siku tatu, ulipe, urudi. Watakumbuka vilevile."

Siku ya saba alituma barua kwa posta, akatuletea picha ya risiti.

Ndugu zangu, kupumzika si zambi, na kijana anayetaka kuwafurahisha watoto wake tusimcheke. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba inampasa kuketi kwanza. Kuketi, si kusimama mlangoni na kalamu ya mtu mwingine mkononi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika shimo, likelemba ao chama tulichoingia, bei ya kuingia ni ngapi? Na gharama ya kukaa ndani ni ngapi kwa mwaka?
2. Tukitaka kutoka, mlango uko wapi?
3. Aliyetushauri anapata nini? Alituambia?
4. Vijana, mmewahi kumwuliza ndugu aliye ng'ambo feza anayotuma inatoka katika saa ngapi za kazi?