Maelezo ya Zana za Akili Unde na Namna ya Kuyapima (Sehemu ya Pili)

Wakala wa akili unde, kama ilivyofafanuliwa katika sehemu ya kwanza, ni programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kuamua hatua za kuchukua, kisha ikaziagiza programu nyingine, ziitwazo zana, kuzitekeleza: moja husoma utabiri wa hali ya hewa, nyingine hutafuta bei za mazao, nyingine hutuma ujumbe wa simu. Modeli haioni zana ilivyoundwa ndani. Inachokiona ni jina lake, aya fupi ya maelezo na orodha ya nafasi za kujazwa, na ndivyo ilivyopangwa pia katika Model Context Protocol, kanuni ya kuziunganisha modeli na zana iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024. Ubora wa aya hiyo, basi, hauhukumiwi kwa ufasaha wake, bali kwa matendo ya wakala aliyeisoma.

Ichukuliwe kwamba wakala ameandaliwa kuwahudumia wakulima wa kata ya Gitting, wilayani Hanang nchini Tanzania, akapewa zana yenye maelezo haya tu: “Hutoa bei ya mazao sokoni.” Sentensi hiyo ni sahihi na inasomeka vizuri, lakini haisemi bei ni ya soko lipi, ya siku gani, wala ya kipimo kipi. Mkulima akiuliza bei ya gunia la viazi, modeli italazimika kukisia kama gunia hilo ni la kilo 100 au ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi hadi likavuka uzito unaokubaliwa kisheria, na ubaya wa kukisia huko ni kwamba jibu hutolewa kwa uhakika uleule wa jibu sahihi, nalo hufika mikononi mwa mtu anayejadiliana na dalali siku hiyohiyo. Maelezo bora yangetaja kwamba bei ni ya kilo moja, yangetaja soko na tarehe ya kukusanywa kwa bei, na yangemwelekeza wakala amuulize mkulima uzito wa gunia lake kabla ya kuzidisha. Saa nazo huhitaji uangalifu huohuo: anayeomba akumbushwe saa 2 asubuhi anakusudia 08:00, na zana isiyoeleza hivyo yaweza kupokea 02:00, ikatuma ujumbe usiku wa manane.

Kinachosahauliwa zaidi, na pengine ndicho chenye uzito kuliko vyote, ni mipaka ya zana. Mfano wake upo Hanang kwenyewe: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa mita zaidi ya 3,400, yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Zana inayotoa utabiri wa mvua kwa wilaya nzima haijui lolote kuhusu uimara wa mteremko ulio juu ya nyumba fulani. Maelezo yake yasipotamka hivyo waziwazi, wakala atakayeulizwa kama kulala bondeni ni salama aweza kuugeuza utabiri wa mvua ndogo kuwa hakikisho la usalama. Kuandika jambo ambalo zana haiwezi kulifanya ni wajibu wa mwandishi sawa na kuandika linalowezekana.

Upimaji wenyewe huanza kwa kukusanya maombi halisi ya watumiaji na kuandika, kwa kila ombi, zana inayofaa kuitwa na namna nafasi zake zinavyopaswa kujazwa. Baadhi ya maombi yawe yasiyohitaji zana yoyote. Jedwali la kulinganisha modeli katika kuita zana, la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililoanzishwa mwaka 2024, hupima pia uwezo wa modeli kujizuia kuita zana isiyohitajika. Kisha hubadilishwa maelezo pekee, mengine yote yakiachwa yalivyo, na kila ombi hurudiwa mara kadhaa, kwa kuwa modeli haijibu namna moja kila mara. Sehemu ya maombi hufichwa hadi mwisho, ili maelezo yasije yakatungwa kwa kuyalenga maswali ya mtihani. Wapo wanaoiachia modeli nyingine kazi ya kuyapa maelezo alama. Njia hiyo ni ya haraka, lakini yaweza kuyapendelea maandishi marefu yaliyopambwa, ilhali kila neno la ziada humpunguzia wakala nafasi ya maandishi anayoweza kuyasoma kwa pamoja na kuongeza gharama.

Maombi hayo hayapaswi kutungwa ofisini na mhandisi peke yake. Wakazi wengi wa Hanang na wilaya jirani ya Mbulu huzungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, na wanapoandika Kiswahili kwenye simu hufupisha maneno, hutaja Hanang bila kusema kama ni mlima au wilaya, na huuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Maelezo yaliyofaulu kwa maombi ya Kiingereza cha vitabuni bado hayajapimwa kwa ajili yao.