Herufi Moja Kati ya Nyeri na Makka

Baridi ya Nyeri sisi watu wa pwani hatukuumbiwa. Niliamka alfajiri katika mtaa wa Majengo, nikatia udhu kwa maji ambayo ungedhani yamechotwa theluji ya Mlima Kenya, na nilipotoka msikitini nikamkuta mwenyeji wangu mlangoni ameshika karatasi, uso umemsawijika.

"Ustadh," akaniambia, "hebu tusomee hii. Shangazi anaondoka keshokutwa usiku, na kuna jambo silielewi."

Shangazi yake ni bibi wa miaka sabini na kitu, mkulima wa kahawa, aliyesilimu ujanani alipoolewa. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiweka kando sehemu ya malipo ya kahawa yake ili aende Umra. Hajapata kupanda ndege, wala hajapata kuvuka mpaka. Sasa pasipoti iko, viza iko, kitambulisho kiko, na tikiti ndiyo hiyo aliyoishika mpwa wake. Na kwenye tikiti limeandikwa jina Fatuma. Kwenye pasipoti ni Fatma.

Msomaji utaniuliza, kwani si jina lilo hilo? Ni lilo hilo. Chuoni, nilipokuwa mtoto wa ubao na wino, mwalimu alitufundisha kuliandika kwa fe, alifu, to, mimu na te marbuta, basi, na kutoka Lamu hadi Moroko lina sura moja. Lakini lilipoingia katika herufi za Kizungu lilipasuka vipande: huyu akaandika Fatma, huyu Fatuma, yule Fatima, na kila mmoja ni mkweli. Mashine lakini haijui ukweli wa aina hiyo. Ukurasa wa pasipoti wenye picha una mistari miwili chini kabisa, kila mmoja una nafasi 44, na ndani yake hazitiwi ila herufi kubwa za A hadi Z, tarakimu, na alama kama ya mshale ya kujazia nafasi. Hiyo ndiyo isomwayo na mashine. Mwenye kaunta huilinganisha na tikiti, na safari nyingi siku hizi shirika la ndege huyatuma majina ya abiria kwa serikali ya nchi inayowapokea kabla hawajatua. Wako maafisa watakaolipitisha kosa la herufi moja, na wako watakaokwambia, mama, simama kando. Bibi wa miaka sabini na akiba ya miaka kumi na mmoja sikutaka acheze bahati nasibu hiyo.

Na huko milimani taabu ya majina ni kubwa kuliko yetu. Sisi tuna Ali na Aly, Mohamed na Muhammad. Wenzetu wa Nyeri, Karatina na Murang'a wana irabu mbili zenye kiwimbi juu yake, na kwenye ile mistari miwili kiwimbi hakina mahali. Ng'ang'a hupoteza vile vibanzi vyake viwili akawa NGANGA. Tena mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake kwa utaratibu usiovunjwa, hata ndugu wanne wakaweza kuwa na binti wanne wenye jina moja, na karani wa kitambulisho akabaki anajikuna kichwa.

Karani! Jina la Mwafrika na kalamu ya karani ni hadithi ndefu katika nchi hii. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa 1915 na kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka kumi na sita akatakiwa abebe kipande, akakining'iniza shingoni ndani ya kijikebe cha bati. Jina lilikuwa vile alivyolisikia aliyeandika. Wazee wengi waliingia katika daftari za serikali kwa masikio ya mtu mwingine, na wajukuu wao wakarithi tahajia hiyo pamoja na shamba.

Mwana wa Nyeri aliyelijua hili kuliko wote ni marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe 1940. Alipoingia Ukatoliki akaitwa Mary Josephine; akaenda Marekani 1960 pamoja na wanafunzi wa ule mpango wa ndege uliohusishwa na Tom Mboya na Kennedy, na huko wakamzoea kwa Mary Jo. Aliporejea 1966 akalitua jina hilo, akashika ya kwao, Wangari Muta. Akaolewa na Mwangi Mathai. Walipoachana, na mume kumtaka asilitumie tena jina lake, yeye akatia a moja zaidi katikati, likawa Maathai, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Herufi moja ilimtoa mtu katika nyumba ya mtu ikamtia katika yake. Atakayeniambia herufi moja si kitu, nitampeleka Ihithe.

Kuna mmoja tu aliyetoka Nyeri bila ya haja ya pasipoti. Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alikuwa Treetops katika msitu wa Aberdare, babake akafa usiku huo, naye akashuka mtini hali amekwisha kuwa malkia bila ya kujua. Habari ilimfikia Sagana Lodge, akapandia ndege Nanyuki hadi Entebbe, na kutoka huko kwao. Pasipoti za Uingereza hutolewa kwa jina la mfalme au malkia mwenyewe, kwa hivyo yeye hana haja ya kujipa. Sisi tuliobaki, jina letu na lilingane.

Nikamwambia mwenyeji wangu ampigie simu aliyewauzia tikiti. Jibu la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia: "Haina shida, ni herufi moja tu." Nikaiomba ile simu. Sitaandika yote niliyoyasema, ila nilitaka tikiti ifuate pasipoti herufi kwa herufi, kwa kuwa viza nayo imefuata pasipoti. Akataka ada ya marekebisho. Mpwa akalipa huku akinung'unika, na baada ya alasiri tikiti mpya ikaingia katika simu.

Hapo ndipo nilipoiona saa, nikashtuka. Ndege inaondoka Jumatano, 01:40. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Wao walikwisha kukodi gari la kuwachukua Jumatano jioni!

Nikawaeleza kwamba 01:40 ni saa saba na dakika arobaini za usiku, na Jumatano ya ndege huanza pale Jumanne inapofika saa sita ya usiku. Kwa hesabu za wazee wetu wa pwani kosa hili lisingetokea, maana kwetu usiku hutangulia mchana, na usiku wa Jumatano ni ule unaoingia Jumanne jua likichwa. Ni nadra kalenda ya ndege na ya bibi yangu kukubaliana, lakini hapa zilikubaliana. Laiti wangeondoka Jumatano jioni, ndege ingekuwa imekwisha rudi Nairobi na abiria wengine.

Basi usiku ule hakulala mtu mapema. Kijana wa nyumba akaandikisha safari kwa simu, na mara mbili mtambo ukamkataa kwa sababu ameandika herufi O mahali pa sifuri. (Katika tarakimu za chuoni sifuri ni nukta, haichanganyiki na herufi yoyote, lakini nani atatusikiliza.) Pasipoti tukaihesabu miezi, ikawa bado ina miaka, na nchi nyingi hutaka isipungue miezi sita. Kile kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inahesabiwa ya maisha, tukakitia pamoja nayo, na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo ambacho Saudia humtaka mwenye Umra. Shangazi akavifunga vyote katika leso, akaitia leso kifuani. Nikamwambia, "Shangazi, usivitie katika sanduku kubwa." Akanijibu, "Mwanangu, miye nimelitunza shamba miaka hamsini, nitashindwa na karatasi?"

Jumanne baada ya adhuhuri tukashuka, Karatina, Sagana, Thika, kama kilomita 150 hadi Nairobi, na saa tatu ya usiku tulikuwa Embakasi. Mimi nilizuiwa mlangoni na askari, nikabaki kutazama kwa kioo. Binti wa kaunta akaipokea pasipoti, akatazama mashine yake, akatazama tena pasipoti. Kidole chake nilikiona kikipita juu ya jina, polepole. Kisha akainua kichwa, akamtazama mama mwenyewe, akacheka, na kwa jinsi midomo ilivyokwenda nikajua amemwita kwa jina lisilokuwamo katika karatasi yoyote: shosho.