Mtoto Kuzaliwa Bila Mkono Kamili

Mara chache mtoto huzaliwa bila mkono au mguu kamili. Watu humlaumu mama kwamba amevunja mwiko. Hayo si kweli.

Mikono na miguu huanza kuumbika mimba ikiwa na wiki 4 hivi. Kufika wiki ya 8, vidole vimekwisha kuonekana. Kikitokea kizuizi wakati huo, kiungo hakikamiliki. Mara nyingi sababu haijulikani. Lakini baadhi ya dawa hudhuru. Thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1957 hadi 1961, iliwalemaza maelfu ya watoto wakiwa tumboni.

Mama mjamzito, usimeze dawa kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati. Mtoto akizaliwa hivyo, msimfiche. Mpelekeni hospitali. Akikua, aende shule kama wenzake.