MGONJWA WA SUKARI, CHUMVI YA NINI?



Watu wengi hapa Lalago wajua kwamba mwenye kisukari ana sukari nyingi katika damu. Lakini wakimkuta hospitalini ametundikiwa dripu ya maji ya chumvi, hustaajabu: "Ameugua sukari, chumvi ya nini?" Nami niliuliza hivyo hivyo mjomba wangu alipolazwa. Nimeonelea nieleze niliyojifunza, maana huenda yakaokoa mtu.

Kata embe vipande, nyunyizia sukari, kisha ngoja. Utaona maji yametoka, kwa kuwa sukari huvuta maji. Ndivyo ilivyo mwilini. Sukari ikizidi katika damu, huyavuta maji kutoka ndani ya seli, na sodiamu, iliyomo katika chumvi tulayo, huzimuliwa.

Tena sukari ikipita kiasi cha milimoli 10 hivi kwa lita moja ya damu, figo haziwezi kuirudisha yote. Nyingine hutoka katika mkojo. Nayo haitoki peke yake: huchukua maji, pamoja na sodiamu na potasiamu. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huwa na kiu isiyokatika, na hulegea. Mtu mzima aliyezidiwa aweza kuwa amepoteza lita 6 za maji.

Potasiamu ndiyo yenye hila. Sehemu 98 hivi katika 100 hukaa ndani ya seli, na moyo huitegemea. Insulini ikikosekana, potasiamu hutoka ndani ya seli ikaingia katika damu. Basi kipimo cha damu chaweza kuonyesha kwamba ipo ya kutosha, kumbe ghala ni tupu. Mgonjwa akidungwa insulini, potasiamu hurudi upesi ndani ya seli, na ile ya damu hupungua. Ikipungua mno, moyo hupiga ovyo, hata waweza kusimama. Kwa hiyo daktari huipima kwanza, na ikiwa ndogo mno, huiongeza kabla ya kutoa insulini.

Insulini ilianza kutumiwa Januari 1922, mjini Toronto, kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, umri wa wengi wetu. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tumaini.

Basi, ndugu zangu, mkimwona mwenzenu bwenini ana kiu ya ajabu, anakojoa sana usiku, anakonda, anatapika na kuhema kwa nguvu, msiseme ni uvivu au malaria tu. Mpelekeni apimwe sukari siku hiyo hiyo. Wala wazazi wasijaribu kumtibu kwa kumlisha chumvi nyumbani. Chumvi hizi hutolewa kwa kipimo. Na mwenye kutumia insulini asiiache kwa kuwa anaumwa na hawezi kula. Amwone daktari upesi, kwani siku za kuumwa ndizo sukari hupanda.