Kutoka Kindu Kuelekea Magofu ya Kasongo
Magofu ya Kasongo ya kale, mji wa biashara ya pembe za ndovu na watumwa uliokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip tangu 1875, yako kusini ya mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ambako mto Lualaba hukatizwa na maporomoko, yaani sehemu ambazo maji hukimbia juu ya miamba na kuzuia vyombo. Mpelelezi David Livingstone, aliyefika mji jirani wa Nyangwe mwaka 1871, alivuka vilima na misitu ya Manyema (Maniema ya leo) kwa miguu, huku vidonda vikimlaza kwa miezi. Miji yote miwili ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na kwa kuwa ilijengwa zaidi kwa udongo, si kwa matumbawe kama mji wa pwani wa Kilwa, msafiri asitarajie kuta ndefu; urithi uliodumu zaidi, pengine, ni Kiswahili kinachozungumzwa Maniema nzima.