Sungusungu (ulinzi wa jadi)

Sungusungu ni utaratibu wa ulinzi na kusaidiana ulioanzishwa na Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina limetokana na aina ya chungu weusi wanaouma. Utaratibu huo huitwa pia Busalama.

Asili

Sungusungu ilianza mnamo 1981-1982 katika eneo la mpaka wa wilaya za Kahama (Mkoa wa Shinyanga) na Nzega (Mkoa wa Tabora). Kutoka huko ilienea Usukumani kote, pamoja na Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Baada ya Vita vya Kagera (1978-1979) silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ulizidi, huku vituo vya polisi vikiwa mbali na vijiji. Wanakijiji wakajipanga kwa pinde na mishale. Kiongozi wao huitwa ntemi, cheo cha watawala wa jadi.

Mwano na dagashida

Kijiji kina njia mbili za kupeana msaada. Ya kwanza ni mwano, yaani yowe la hatari. Anayelisikia hulipokea na kulipaza, nalo hupita nyumba kwa nyumba hadi kijiji cha pili. Kila mtu hufikiwa alipo, naye hupaswa kutoka. Asiyetoka hutozwa faini.

Njia ya pili ni dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji. Hapa mtu huenda mwenyewe, husikiliza pande zote, na jambo huamuliwa mbele ya watu. Adhabu kubwa ni kutengwa: aliyetengwa hasaidiwi katika shughuli wala msiba.

Mwano una haraka, lakini hauna nafasi ya kuuliza maswali. Mwizi akitoroka na mifugo, haraka hiyo huokoa mali. Lakini mtu akitajwa kuwa mwizi au mchawi, watu wanaweza kufika wakiwa wameshaamua. Katika mikoa hii watu wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, hasa wanawake wazee. Macho mekundu yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi, ingawa moshi wa jikoni unatosha kuyafanya mekundu. Dagashida nayo si kinga kamili, kwa kuwa mkutano wenye hofu unaweza kumhukumu asiye na hatia.

Sheria

Mwalimu Julius Nyerere aliunga mkono sungusungu, ilhali wanasheria walihoji uhalali wake. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu mamlaka ya ukamataji. Hata hivyo, Katiba, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa hupaswa kufikishwa polisi na mahakamani. Si mwano wala dagashida inayoweza kumhukumu kifo.